Folda ya usakinishaji ni nini, na kwa nini haihamishwi kwa mkono

Katika maduka ya steshenari ya Ngamiani, Tanga, kompyuta moja hubeba kazi nyingi: kuchapa barua, kuskani vyeti, kumjazia mwanafunzi fomu ya mkopo. Diski yake ikiwa ni SSD ya GB 128, hujaa upesi. Ikijaa, mtu huingia diski C, hufungua Program Files, huchagua folda iliyo nzito kuliko zote, kisha huifuta au huihamishia diski D. Kuanzia hapo programu haifunguki, na hata kuiondoa nako kunagoma.

Folda ya usakinishaji ni mahali kisakinishi, yaani programu ndogo inayoingiza programu mpya kwenye kompyuta, kinapoweka mafaili yanayoiendesha programu: faili la kuiwasha, lenye jina linaloishia na .exe, maktaba za .dll zinazolisaidia, picha na lugha. Kwenye Windows, VLC ya kuchezea video kwa kawaida hukaa C:\Program Files\VideoLAN\VLC, na LibreOffice ya kazi za ofisi hukaa C:\Program Files\LibreOffice. Windows ya biti 64 ina pia Program Files (x86), kwa ajili ya programu za biti 32. Folda hizo ni mbili kwa makusudi, usiziunganishe.

Sasa, folda hiyo si programu nzima, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kisakinishi huandika pia kwenye rejista ya Windows, daftari ambamo Windows huweka mipangilio yake na ya programu, kwamba programu ipo, imekaa wapi na inafungua mafaili ya aina gani. Huweka njia ya mkato kwenye menyu ya Start. Programu nyingine huongeza huduma zinazowaka pamoja na kompyuta. Mipangilio ya kila mtumiaji huenda AppData, folda iliyofichwa ndani ya folda yake, na ya watumiaji wote huenda ProgramData. Ukifuta folda kwa mkono umekata shina tu, mizizi imebaki ardhini. Rejista inaendelea kuielekeza Windows mahali pasipo na kitu.

Kwa hiyo programu huondolewa kwa mlango wake. Kwenye Windows 11 ingia Settings, kisha Apps, kisha Installed apps, uichague na ubonyeze Uninstall. Kama folda imeshafutwa, mara nyingi dawa ni kuisakinisha upya programu ileile, toleo lilelile, mahali palepale, halafu uiondoe kwa njia hiyo. Wanaotafuta programu za kusafisha rejista wanajiongezea hatari bila sababu. Rejista ikiharibika, Windows yenyewe inaweza kukataa kuwaka.

Kuhamisha nako kuna wakati wake, nao ni kabla ya kusakinisha. Visakinishi vingi vina hatua ya kuchagua mahali, ila watu hubonyeza Next mfululizo bila kuisoma. Kama unataka programu kubwa ikae D, badilisha njia hapo. Programu iliyokwisha kukaa C, iondoe kwanza, kisha isakinishe upya D. Baadhi ya zile zinazotoka Microsoft Store zina kitufe cha Move kwenye Settings, hizo hazina shida. Zipo pia zisizohitaji kusakinishwa, ambazo hubeba kila kitu ndani ya folda moja na huendeshwa hata kutoka kwenye flashi. Hizo hamisha upendavyo.

Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, hupanga kwa namna nyingine: mafaili ya programu moja hutawanywa /usr/bin, /usr/lib na /usr/share, na kidhibiti cha vifurushi, yaani programu inayosakinisha na kuondoa nyingine, ndicho kinachojua lipi ni la nani. Kwenye Mac, programu nyingi hukaa kama kifurushi kimoja ndani ya Applications.

Jambo la kulitilia maanani zaidi kwa mwenye duka ni data. Programu za zamani za hesabu na stoo zilizoea kuandika kumbukumbu ndani ya folda yao ya usakinishaji. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files bila idhini ya msimamizi. Ili zile za zamani za biti 32 zisikwame, Windows huyapeleka maandishi yao kimyakimya AppData\Local\VirtualStore, chini ya jina la mtumiaji aliyeingia. Mwenye duka akinakili folda iliyo Program Files akidhani ameokoa mauzo ya mwaka mzima, huenda amebeba faili tupu la siku ya kwanza. Na wafanyakazi wawili wakiingia kwa akaunti mbili, kila mmoja anaweza kuwa na daftari lake bila kujua. Tumia amri ya kuhifadhi nakala iliyomo ndani ya programu yenyewe, uielekeze kwenye folda yako ya D au diski ya nje, kisha ufungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama mauzo ya jana yamo.