Soli maalumu kwa mwenye kisukari: maswali tunayoulizwa kliniki

Soli maalumu ni nini?
Ni soli ya ndani ya kiatu inayotengenezwa kwa kufuata unyayo wako mwenyewe. Fundi wa karakana ya viungo bandia huchukua umbo la mguu, kisha huchonga soli inayosambaza uzito wa mwili usielemee sehemu moja.

Nani anaihitaji?
Si kila mtu. Mtoto mdogo mwenye nyayo bapa zisizomuuma, mwacheni acheze. Kisigino kinachouma unapoamka mara nyingi hupata nafuu kwa mazoezi ya kunyoosha na viatu vyenye soli laini. Anayetuhangaisha ni mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni au mwenye sugu chini ya vidole.

Lakini miguu yangu haiumi!
Hapo ndipo hatari ilipo. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu, ukakanyaga msumari ukaenda nao hadi jioni bila habari. Kutouma si kupona. Mguu usiouma ndio unaopaswa kukaguliwa kila siku: tazama unyayo kwa kioo au mwombe mwanao akutazamie, na upapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa.

Nina kidonda kidogo, hakiumi. Nisubiri kikauke?
Hapana. Usisubiri hata siku moja. Tunawapokea watu waliokaa nacho wiki kadhaa wakikinyunyizia unga wa kapsuli, wakikikanda kwa maji ya moto, wakikata sugu kwa wembe. Wanafika kidole kimeshakuwa cheusi, halafu wanalalamika kwamba hospitali inakata watu miguu. Kilichokata mguu ni kule kungoja. Kidonda kwenye mguu wa mwenye kisukari, kiume kisiume, ni safari ya hospitali leo.

Nikiweka soli, kidonda kitapona?
Soli husaidia kuzuia kidonda na kuzuia kisirudi. Kikishafunguka, kwanza kinasafishwa, sukari inadhibitiwa na mguu unapumzishwa usikanyagie.

Naivaaje?
Siku za mwanzo vaa saa moja au mbili, kisha vua ukague. Ukiona wekundu usioisha au lengelenge, irudishe kwa fundi. Ivae hata nyumbani. Wengi huivalia kliniki tu, kisha siku nzima wanashinda na kandambili. Kiatu kiwe na kina cha kutosha. Mtumba uliokwisha kufuata mguu wa mtu mwingine haukufai. Soli ikibonyea, rudi upate nyingine.