"Huyu hana mbio": tunayoyaamini kuhusu kipaji, na ukweli wake

Kila msimu wa kuchagua timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, katika viwanja vya shule hapa Tabora husikika kauli moja fupi: "Huyu hana mbio." Mwalimu akishaitamka, mtoto anatoka mstarini, anarudi darasani, na mara nyingi riadha yake inaishia hapo. Nimefundisha michezo shule ya msingi kwa miaka mingi, na kauli hiyo nimeitoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku hizi siitoi tena. Naandika haya kwa walimu wenzangu na kwa wazazi, maana wengi wetu tumerithi imani hizi bila kuzichunguza, na anayezilipia ni mtoto.

Dhana: Mbio ndefu ni za watu wa milimani

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi. Sisi wa tambarare tumeumbiwa jembe na mpira, mbio ni za Wairaqw wa Mbulu na Wakalenjin wa Kenya.

Kuna ukweli ndani yake, na sitauficha. Iten, kijiji cha wakimbiaji kule Kenya, kipo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Tabora ipo mita 1,200 hivi, na Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, haifiki 800. Kwenye hewa nyepesi mwili hujiongezea chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, na mkimbiaji hufaidika. Tena wengi wa wanariadha wetu wakubwa wametoka kaskazini, kuanzia John Stephen Akhwari wa Mbulu hadi Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974.

Lakini angalia na hawa. Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ni mzaliwa wa Majita, ukanda wa Ziwa Victoria, ambako mwinuko wake haupishani sana na wetu. Juma Ikangaa, bingwa wa New York Marathon ya mwaka 1989, alizaliwa Dodoma. Na Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, ni mtoto wa Singida. Singida ni jirani zetu! Unapanda basi asubuhi, unapita Nzega, unapita Igunga, na siku haijaisha umefika. Simbu alikwenda Arusha kufanya mazoezi, na alifanya vizuri kwenda. Mlimani unaweza kwenda ukiwa mkubwa.

Wazee wetu wana jibu lao kwa dhana hii. Wanakumbusha kwamba Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wa misafara, wakibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, zaidi ya kilometa 800 kwa miguu, kisha wakarudi. Napenda sana kumbukumbu hiyo. Ila naomba tusiigeuze kuwa dhana nyingine, kwamba damu ya Kinyamwezi ina ustahimilivu wa pekee. Wavulana walifuatana na misafara wakiwa wadogo, wakabebeshwa mizigo midogo, na mzigo ukakua kadiri wao walivyokua. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mwanaume kamili. Palikuwa na njia ya kujifunzia, palikuwa na wakubwa wa kuwafuata, na palikuwa na heshima iliyokuwa ikimngoja anayefika. Mtoto wa Mbulu anayekulia jirani na bingwa wa riadha ana vitu hivyohivyo vitatu. Wa Kaliua au Sikonge hana, nasi tunasema hana kipaji.

Dhana: Kipaji huonekana mapema, ukimwona tu unajua

Nilikuwa nikiamini hivyo kabisa. Mtoto anakimbizwa mara moja kuzunguka uwanja, watano wa mbele wanaandikwa, wengine kwaheri.

Kwanza, katika umri wa miaka 12 au 13, anayeshinda mara nyingi ni yule ambaye mwili wake umetangulia kukomaa. Ameshapata miguu mirefu na misuli wakati mwenzake bado ni mtoto. Baada ya miaka mitatu yule wa nyuma naye amekomaa, na mpangilio unaweza kugeuka. Tatizo ni kwamba tulishamfukuza.

Jambo la pili lilinibadilisha zaidi. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani na Kanada walichukua watu 481 kutoka familia 98, watu ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi, wakawafanyisha mazoezi ya baiskeli kwa wiki 20 chini ya uangalizi uleule. Wakapima kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wa kila mmoja unaweza kutumia kwa dakika. Kwa wastani kiasi hicho kiliongezeka kwa karibu lita 0.4. Lakini wapo ambao hawakuongeza karibu chochote, na wapo walioongeza zaidi ya lita nzima. Jasho lilikuwa lilelile, faida ikapishana hivyo. Na karibu nusu ya tofauti hiyo ilifuata familia.

Kipaji basi kipo. Ila sehemu yake kubwa ni namna mwili unavyoitikia mazoezi, na hiyo haionekani siku ya kwanza kwa macho ya mwalimu yeyote. Warina asali wetu wanalijua jambo hili kwa kazi yao: ukiutazama mzinga ukiwa juu ya mti, hujui una asali kiasi gani mpaka upande kurina.

Dhana: Ukijituma kuliko wote, utakuwa bingwa

Kauli hii inapendwa kwa sababu inatia moyo. Mimi naiogopa, kwa kuwa mtoto aliyejituma na bado akashindwa anaambiwa, bila mtu kutamka, kwamba alikuwa mvivu.

Wengine huitegemeza kwenye "kanuni ya saa 10,000". Hesabu hiyo ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin, na ilikuwa wastani wa waliokuwa bora kati yao. Haikuhusu mbio, wala haikuahidi kwamba yeyote atakayefikisha saa hizo atakuwa bingwa. Upande wa pili yupo Eero Mäntyranta wa Finland, aliyepata dhahabu tatu za Olimpiki mwaka 1960 na 1964 katika mbio za kuteleza kwenye theluji. Baadaye iligundulika kwamba yeye na ndugu zake kadhaa walizaliwa na badiliko la kinasaba linaloufanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi kupita kawaida. Hakuna mazoezi yatakayokupa hilo. Naye, hata hivyo, asingefika popote kwa kukaa kitako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Paula Radcliffe wa Uingereza. Wataalamu walimpima tangu mwaka 1992, alipokuwa msichana aliyeshinda mbio za nyika za dunia kwa vijana, hadi mwaka 2003 alipokimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Kwa miaka hiyo yote uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni haukubadilika sana. Ulikuwa mkubwa tangu ujanani, na ukabaki hapohapo. Kilichobadilika ni matumizi: kwa mwendo uleule, mwili wake ulifikia kutumia oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15. Injini haikuongezeka, mafuta ndiyo yaliyotosha safari ndefu zaidi. Alizaliwa na ile injini, ubanifu wa mafuta akautafuta kilometa kwa kilometa kwa miaka kumi na moja. Sasa mtu aniambie pale kipaji kinaishia wapi na bidii inaanzia wapi.

Dhana: Mazoezi yasiyoumiza si mazoezi

Wanaoamini bidii ndio huangukia hapa. Tunawazungusha watoto uwanja mpaka mmoja atapike, kisha tunasema leo tumefanya kazi. Tena tunatumia mbio kama adhabu: umechelewa namba, zunguka mara kumi. Halafu tunashangaa kwa nini mtoto hazipendi.

Wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu hufanya sehemu kubwa ya kilometa zao, karibu nne kwa tano, kwa mwendo mwepesi ambao mtu anaweza kuzungumza huku anakimbia. Kule Iten mabingwa huanza mbio za alfajiri polepole kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani wanatembea. Siku za kasi zipo, na ni kali kwelikweli, lakini ni chache, na hufuatwa na siku za kuupa mwili nafasi ya kujijenga. Moyo hupanuka na mishipa midogo ya damu huongezeka kwa wingi wa kazi nyepesi inayorudiwa wiki hadi wiki. Anayekimbia kwa kuumia kila siku huishia na maumivu ya ugoko, uchovu usioisha, na mwisho huacha.

Hapa nataka kuutetea mchakamchaka. Ule wa alfajiri, wa mistari miwili, kiongozi anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Ukiweza kuimba, mwendo ni sahihi. Ukikosa pumzi ya kuitikia, umezidisha. Tulikuwa na kipimo bora mikononi mwetu tangu shule za miaka ya nyuma, kisichohitaji saa wala kifaa cha kupima mapigo ya moyo, na shule nyingi zimekiacha.

Dhana: Anayebaki nyuma ni mvivu au hana kipaji

Hii inanihusu mimi mwenyewe, nami naiandika kwa uchungu.

Nilikuwa na binti wa darasa la sita. Mizunguko miwili ya kwanza alikuwa mbele, wa tatu anabaki, wa nne anatembea ameshika kiuno. Misimu miwili mfululizo nilimwambia hana mbio. Siku moja nikakutana na mama yake sokoni. "Mwalimu, yule mtoto tulimpeleka zahanati kwa homa," akaniambia. "Wamempima, damu tisa. Wakasema na minyoo anayo." Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya nisijue la kumjibu mama wa watu.

Kwa mtoto wa umri ule, himoglobini ikishuka chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu ni upungufu wa damu. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Mtoto mwenye tisa anashindana na wenzake huku robo ya wabebaji wake hawapo. Kipaji cha hapo utakipimaje? Na mikoa yetu hii, Tabora na Kigoma, ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na malaria hupasua chembe nyekundu za damu. Ongeza safura kwa watoto wanaotembea peku kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Ongeza hedhi kwa wasichana wanaoanza kukua. Ongeza mtoto aliyekuja shule na chai kavu, au hata hiyo hakuipata.

Alipewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo. Nyumbani wakaongeza maharage, dagaa na mboga za majani zenye limao, na chai wakaacha kumpa pamoja na mlo kwa sababu hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya tatu mita 1,500 ngazi ya kata. Si muujiza, ni nafasi ya tatu ya kata. Lakini ilikuwa yake, na mimi nilimnyima misimu miwili.

Tangu hapo, mtoto anayeishiwa pumzi kuliko wenzake nazungumza kwanza na mzazi wake kuhusu kumpima damu. Na mwenye selimundu hasukumwi kushindana hata siku moja. Huyo ni wa daktari kuamua.

Nyingine nazipitia upesi. Kwamba mkimbiaji lazima awe mrefu: Ikangaa hakufika futi tano na nusu. Kwamba kukimbia peku ndiyo siri: Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kisha mwaka 1964 akashinda tena Tokyo akiwa amevaa viatu, kwa muda mzuri zaidi. Kwamba kichomi cha ubavuni wakati wa kukimbia ni ishara ya kutofaa: kichomi kinawapata hata waliobobea, hasa wakila karibu na kukimbia.

Dhana: Akishindwa mara kadhaa, uwezo umekwisha

Simbu alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017. Tukashangilia, tukasubiri dhahabu. Mwaka 2019 kule Doha akawa wa 16. Mwaka 2024 Olimpiki ya Paris akawa wa 17, na wengi walishafunga hesabu. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Septemba mwaka huohuo, Tokyo, akiwa na miaka 33, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, tofauti ikiwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha, miaka minane baada ya ile shaba.

Msimu huu orodha ya timu yangu itaandikwa baada ya wiki nane za mazoezi mepesi kwa kila mtoto anayetaka. Tuko wiki ya nne. Wavulana wawili waliokuwa mkiani sasa wako katikati ya kundi. Mmoja bado ni wa mwisho, na kesho alfajiri ni zamu yake kuanzisha wimbo.