Bei ya wastani ya soda inatuambia nini kuhusu mfumuko wa bei?

Ukisikia watu wa takwimu wakitaja "bei ya wastani ya rejareja" ya soda, usidhani ni ile bei muuza duka amebandika kwa friji. Ni bei nyingi za soda ile ile, zimekusanywa kwa maduka tofauti, zikajumlishwa na kugawanywa, halafu namba inayotoka inafuatwa mwezi baada ya mwezi. Kenya hiyo kazi ni ya KNBS, yaani shirika la taifa la takwimu, watu wao wanazunguka wiki ya pili na ya tatu ya mwezi kwa kanda 50 nchi nzima wakiuliza bei ya unga, nauli, kodi ya nyumba, mpaka vinywaji, na mwisho wa mwezi tunatangaziwa mfumuko ni asilimia ngapi ukilinganisha na mwezi kama huo mwaka jana.

Sasa mbona mtu aangalie soda? Juu soda yenyewe haibadiliki. Nyanya za soko la Kibuye, Kisumu, leo ni kubwa kesho ni vidonge, mvua ikikosa bei inaruka, lakini chupa ya mililita 300 ya Kisumu na ya Kakamega na ya Nakuru ni kitu kimoja, kwa hivyo bei ikipanda unajua ni bei imepanda na si mzigo umekuwa bora. Tena humo ndani kuna umeme, dizeli ya lori, mishahara, ushuru, sukari. Na hapo kwa sukari huku kwetu watu hukosea kidogo, wanadhani soda inafuata miwa ya Muhoroni na Chemelil, kumbe viwanda vya soda vinatumia sukari nyeupe iliyosafishwa, ambayo Kenya huagiza kwa wingi kutoka nje, hiyo inasikiliza dola zaidi.

Wastani wenyewe una mitego. Tuseme Kisumu umechukua bei kwa maduka mawili yanayouza 50 na hoteli moja inauza 80, wastani ni 60. Mwezi unaofuata hoteli imefungwa, umebaki na yale maduka mawili, wastani umeshuka mpaka 50 na hakuna mtu hata mmoja amepunguza bei! Ndio maana lazima urudi duka lile lile, uulize soda ile ile, saizi ile ile, na kama duka limekufa utafute lingine linalofanana nalo.

Saizi ndio mtego mkubwa, na mimi naona ndio watu wengi hawaangalii. Chukua mfano soda ya mililita 350 inauzwa 35, kampuni inaleta chupa mpya ya 300, bei ni ile ile 35. Mfukoni hujasikia kitu, lakini piga hesabu kwa lita, ilikuwa shilingi 100 sasa ni karibu 117, hiyo ni kama asilimia 17 imepanda kimya kimya. Anayeandika bei ya chupa tu ataripoti sifuri.

Halafu bei ya soda haitembei polepole, inakaa inakaa halafu inaruka. Marekani Coca-Cola iliuzwa senti 5 tangu 1886 mpaka karibu 1959, na huo wakati wote vitu vingine vilikuwa vinapanda. Kwa hivyo soda ikitulia usikimbilie kusema maisha yametulia. Oktoba 2022 mfumuko wa Kenya ulifika asilimia 9.6, na ukitaka kujua uliwauma watu wapi unaangalia kapu lote, yaani vitu vyote ambavyo bei zake hupimwa. Chakula na vinywaji visivyo na pombe ni kama theluthi moja ya hilo kapu, na soda humo ni kipande kidogo sana, hata ikiruka shilingi kumi haiwezi kusukuma namba ya nchi vile unga unaweza.

Kinachoishikilia sana bei ya soda isitembee polepole ni sarafu, yaani chenji ndogo ndogo hakuna. Aprili 2020 VAT ya Kenya, kodi ya ongezeko la thamani, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, ikarudishwa 16 Januari 2021. Kwa soda ya 50 hiyo tofauti ni kama senti 86, yaani ingefaa iuzwe 49.14, na sijui ni duka gani Nakuru lingekurudishia hiyo chenji.