Gari Lililobadilishwa Linastahili Tuzo Lini?

Kila nikiitwa kukagua magari yaliyobadilishwa, swali ni lile lile: lipi kati ya haya lipewe heshima kuliko mengine? Umati kwa kawaida umeshachagua. Umelizunguka gari lenye mlio mkubwa, rimu pana na rangi inayowaka, na simu zote ziko juu. Mara nyingine umati unakuwa sahihi kabisa. Lakini sisi tunaokagua tunaanzia kwingine. Tunapiga magoti na kuchungulia chini ya gari, kisha tunamwomba mwenyewe afungue milango yote, buti na boneti, aache kila kitu wazi.

Ninachokitafuta ni hiki. Gari likitoka kiwandani, wahandisi wamekwisha kupatanisha mambo mengi ndani yake: uzito, breki, springi, joto, kelele, uimara wa bodi. Ukigusa kimoja umevuruga mapatano yale, na kila badiliko linakuja na deni lake. Ukiongeza nguvu unadaiwa upoozaji, breki na klachi. Ukipanua rimu unadaiwa beringi na usukani. Hata ukibadilisha rangi tu unadaiwa: ndani ya milango, chini ya zulia la buti, nyuma ya taa, kila mahali ambapo rangi ya zamani bado inachungulia. Kwangu mimi, gari linalostahili tuzo ni lile ambalo mwenyewe amelipa madeni yote, pamoja na yale ambayo hakuna mtu angemdai.

Chukua suala la kushusha gari, maana ndilo badiliko la kwanza kwa watu wengi, na ndipo ninapoona madeni mengi yasiyolipwa. Magari mengi ya kawaida mbele yana saspensheni ya aina ya MacPherson: shokapu imesimama, na chini yake kuna mkono wa chuma unaoshika gurudumu kupitia boljointi. Likiwa kama lilivyotoka kiwandani, mkono huo huwa umelala karibu sambamba na ardhi, au umeinama kidogo kuelekea kwenye gurudumu. Weka springi fupi, bodi inashuka lakini gurudumu linabaki pale pale, hivyo ncha ya nje ya mkono inakuwa juu kuliko ya ndani. Hapo kile kitovu cha mlalo, nukta ya kufikirika ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona, kinashuka kwa kasi kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake, gari linaloonekana limebana barabara linaweza kuwa na hamu kubwa zaidi ya kulala kwenye kona kuliko lilipokuwa juu. Mwenyewe anaweka springi ngumu zaidi ili kuficha tatizo, gari linaanza kurukaruka, tairi zinaachia lami. Tairodi nazo, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu ukizungusha usukani, zimebadilika pembe, kwa hiyo gurudumu likipanda tuta dogo linajikata lenyewe, na usukani unavuta bila dereva kuugusa.

Anayejua huweka boljointi ndefu zaidi, au kipande cha chuma kati ya mkono na kishikio cha gurudumu, ili mkono urudi kwenye pembe yake. Kisha anashusha tairodi kwa kiasi kile kile, vinginevyo amelipa nusu ya deni. Kipande chenyewe ni kidogo, hakionekani gari likiwa limesimama, na hakuna anayekipiga picha. Mimi nikikiona pale chini hufurahi sana, kwa sababu kinaniambia kwamba mtu huyu aliliendesha gari lake, akahisi kitu hakiko sawa, akakitafuta mpaka akakipata.

Breki ni hadithi fupi zaidi. Kalipa kubwa za mbele zenye pistoni nyingi, yaani vile vishikio vinavyobana diski ya breki, zinapendeza nyuma ya rimu, lakini zinahitaji mafuta mengi ya breki kusukumwa. Masta silinda, pampu inayosukuma mafuta hayo ukikanyaga pedeli, ikibaki ile ile, pedeli inazama mbali kabla breki haijashika. Na kama nguvu yote imehamia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki bila kazi, gari linaweza kusimama umbali mrefu kuliko lilivyokuwa na breki zake za kiwandani. Kwa hiyo mtu akinionyesha kalipa mpya, swali langu la kwanza huwa juu ya masta silinda.

Kuhusu injini watu wanajua mengi, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Turbo kubwa bila nozeli na pampu ya mafuta inayolingana nayo inainyima injini mafuta wakati inapoyahitaji zaidi, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inagonga, pistoni zinaharibika. Hili limeandikwa kila mahali. Kinachonivutia zaidi ni njia ya hewa ya kupooza. Wengi huweka intakula kubwa, kipoozaji cha hewa inayotoka kwenye turbo, mbele ya rejeta wakasahau kwamba hewa ikiingia lazima itoke. Boneti ikiwa haina matundu mahali panapofaa na chini hakuna njia, hewa moto inakwama kwenye chumba cha injini, na ukubwa wote ule hausaidii chochote. Ukiona mtu amekata vipande vya bati, akavikunja vizuri na kuziba kila mwanya kati ya bampa na rejeta ili hewa isipate njia ya kukwepa, huyo anajua anachokifanya.

Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya gari ya kukagua, ningechagua waya. Nilipata kukagua gari dogo la milango mitatu lililowekewa injini ya gari kubwa zaidi. Kwa nje lilikuwa la kawaida sana, rangi yake ya kiwandani, rimu za chuma, na watu walikuwa wakilipita. Mwenyewe alishusha paneli ya chini ya dashibodi, akanipa tochi. Mkanda wa waya ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha aina ile inayotumika kiwandani, si kwa selotepu ya plastiki inayoyeyuka gundi kwenye joto. Kila waya ulipopenya bati palikuwa na mpira wa kuukinga usichubuke. Kwenye bawaba ya mlango aliacha waya uwe na ulegevu wa kutosha ili usikatike baada ya kufungua na kufunga mara nyingi. Kila fyuzi ilipimwa kulingana na unene wa waya inaoulinda, jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea wakidhani fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda kifaa. Na kila kiungo kilikuwa na kibandiko kidogo chenye namba, na namba hizo zilikuwa kwenye mchoro alioukunja ndani ya kisanduku cha dashibodi. Yaani fundi mwingine yeyote, hata asiyemjua, angeweza kulitengeneza gari lile. Nililipatia alama za juu kabisa za siku ile, na hadi leo natetea uamuzi huo.

Sasa, kulipa madeni peke yake hakutoshi. Gari linaweza kuwa safi kiufundi lakini halina wazo. Magari yanayokumbukwa katika historia ya fani hii yote yana wazo moja linaloonekana kila mahali ukiyatazama.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Mercury ya mwaka 1951 ambayo ndugu wawili, George na Sam Barris, waliibadilisha mwaka 1952 huko California kwa ajili ya kijana aitwaye Bob Hirohata. Paa lilikatwa na kushushwa, na nyuma likashushwa zaidi kuliko mbele, ili mstari wake uteremke taratibu kuelekea kwenye buti. Nguzo ya katikati kati ya madirisha ikaondolewa. Ubavuni ukawekwa urembo wa chuma kutoka kwenye Buick, na rangi mbili za kijani zikapishana kwenye urembo huo huo. Ukiangalia utaona kwamba kila kisu kilichopita kwenye bati lile kilikuwa kinatafuta mstari mmoja mrefu, laini, usiokatika. Na Hirohata hakulifungia gari lake. Mwaka 1953 lilifungwa injini ya Cadillac, naye akaliendesha kutoka California mpaka Indianapolis. Leo gari hilo limo katika rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani, na nadhani limeingia pale kwa haki.

Katika rejista hiyo hiyo imo Gypsy Rose, Chevrolet Impala ya 1964 ya marehemu Jesse Valadez wa Los Angeles, gari la kulala chini lililochorwa mawaridi kwa mkono juu ya rangi ya waridi. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu wapo wenzangu wanaopima kila gari kwa kasi. Hili halikutengenezwa likimbie. Lilitengenezwa lipite polepole mtaani watu walione, na kazi ya rangi na viti vyake inatimiza jambo hilo moja kikamilifu. Madeni yake ni ya aina nyingine tu: usafi wa brashi, mshono wa viti, ulinganifu wa ua moja na jingine.

Upande mwingine kabisa kuna RUF CTR ya Ujerumani, iliyotokana na Porsche 911. Mwaka 1987 katika majaribio ya jarida la Road & Track kwenye uwanja wa Ehra-Lessien ilifika kilomita 339 kwa saa, ikiyaacha nyuma magari ya kampuni kubwa zenye majina. Kinachonigusa ni kile ambacho Alois Ruf na watu wake hawakukifanya. Walikuwa na injini ya lita 3.4 yenye turbo mbili na nguvu farasi 469, lakini hawakutumia bodi pana ya 911 Turbo. Walibaki na bodi nyembamba kwa sababu inapasua upepo kirahisi, wakaondoa hata ile mifereji ya maji ya mvua iliyo juu ya milango. Mtu wa kawaida hawezi kugundua. Kujizuia kwa namna ile ni ujuzi, na majaji wengi hawautolei alama.

Ugumu wa kazi nao una thamani yake. Kazuhiko Nagata wa Top Secret, karakana ya kubadilisha magari huko Japani, alichukua injini ya V12 ya lita 5 kutoka Toyota Century, gari la kubebea waheshimiwa, akaifunga ndani ya Toyota Supra na kuiongezea turbo mbili. Supra ilikuja na injini ya silinda sita ambayo kila mtu anajua inavumilia nguvu nyingi, kwa hiyo njia rahisi ilikuwepo. Yeye alichagua ngumu, na akaimaliza. Hapo ndipo penye mpaka kati ya ugumu wa maana na ugumu wa kujionyesha: gari lenye injini ya ajabu ambalo haliwaki, au linachemka baada ya dakika chache, kwangu halipati alama kwa sababu ya injini yake.

Na vipi kuhusu wale wanaokata kitu ambacho hakirudi? Akira Nakai wa RWB, karakana nyingine ya Japani, anajulikana kwa kukata madigadi ya Porsche 911 kwa mkono wake mwenyewe na kufunga mapana badala yake. Wapo wanaolia wakiona bati la asili likianguka chini. Naelewa uchungu wao, lakini nikisimama mbele ya kazi yake naona jicho moja na mkono mmoja kutoka mbele mpaka nyuma, na hilo ndilo ninalolitafuta. Ambaye simwelewi ni yule anayekata gari adimu ili kufungia kitu ambacho kingekaa vilevile kwenye gari la kawaida. Gari adimu lina deni kubwa zaidi, na anayelikata awe na sababu inayolingana nalo.

Kuhusu tuzo zenyewe, kila moja ina mapendeleo yake. Tuzo ya Ridler, inayotolewa Detroit tangu mwaka 1964, inataka gari liwe halijawahi kuonyeshwa popote kabla. Kanuni hiyo imezaa kazi za bati na rangi za kiwango cha juu sana, siibezi. Ila mimi napenda pia gari lenye alama za mawe kwenye bampa na usukani uliong'aa kwa mikono. Gari la namna hiyo limejaribiwa, na madeni ambayo hayakulipwa yangekuwa yameshajitokeza. Mashindano ya Hot Wheels Legends Tour, ambayo mshindi wake anageuzwa kuwa gari la kuchezea, mwaka 2019 yaliipa ushindi Nash Metropolitan ya 1957, gari dogo ambalo wengi wasingelitazama mara mbili. Nilifurahi. Gari la kuanzia halipaswi kuamua chochote.

Fedha pia isiamue, kwa upande wowote ule. Sikubaliani na wanaosema gari lililojengwa na fundi wa kulipwa halistahili. Hirohata naye aliwalipa akina Barris. Ninachotaka ni ukweli juu ya nani alifanya nini, na mwenyewe aweze kunieleza kwa nini. Nikiuliza kwa nini rimu hizi zina upana huu na mwenye gari akamtazama fundi wake kabla ya kujibu, tuzo ninaipeleka kwa fundi.

Kwa hiyo ukiwa na gari unalotaka likaguliwe, kabla ya kulipiga polishi kusanya kumbukumbu zake: risiti, vipimo vya mpangilio wa magurudumu kabla na baada ya kushusha, mchoro wa waya, na picha za kila hatua. Picha za bodi ikiwa chuma kitupu, kabla ya puti na praima, ndizo nitakazoziomba kwanza, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayeweza kuona ulichomelea vipi.