Maana ya kundi la manowari za angani katika michezo ya kuigiza wahusika

Katika michezo ya kuigiza wahusika, ambapo kila mchezaji hushika nafasi ya mtu wa kubuni huku mwendesha mchezo akisimulia yanayowakabili, kundi la manowari za angani ni jumla ya vyombo vya kivita vya dola ya kubuni vinavyosafiri kati ya sayari au nyota chini ya kamanda mmoja, pamoja na vyombo vinavyovihudumia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa.

Jina lenyewe huwatatiza wengi, kwa kuwa Jeshi la Anga tunalijua na lina ndege. Hata hivyo, rubani wa ndege ya kivita hurudi kambini baada ya saa chache, ilhali mabaharia wa manowari hula, hulala na huugua humo humo kwa miezi, na nahodha wao huamua mambo bila kumsubiri mkubwa aliye mbali. Chombo cha kwenda kwenye nyota kinafanana zaidi na manowari, na ndiyo maana watungaji wa michezo huwaita watu wake wanamaji, ingawa maji hayapo isipokuwa kwenye matangi.

Umbali ndio unaolipa kundi hilo sura yake. Mawimbi ya redio hutoka Mwezini hadi Duniani kwa sekunde 1.3 hivi, lakini kutoka Neptuni huchukua takriban saa 4, na kutoka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, huchukua zaidi ya miaka 4. Katika Traveller, mchezo wa Kimarekani uliotoka mwaka 1977, kila mruko wa meli kutoka nyota hadi nyota huchukua kama wiki moja, na hakuna habari inayoweza kuitangulia meli. Kwa hiyo amri hufika ikiwa imechakaa, na dola hulazimika kuyagawa makundi yake kwa majimbo ili kila kamanda awe na mamlaka ya kupigana kabla ya kuulizia. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo moja huzaa visa vingi kuliko mizinga yote ya kubuni.

Umuhimu wa vyombo vinavyohudumia, anayekaa Kisumu anaweza kuuelewa akisimama Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa omena zikiwa zimetapakaa ziwani. Taa ndizo zinazoonekana, lakini bila mafuta, nyavu zilizoshonwa na wanunuzi wanaosubiri ufuoni, mashua hizo zisingetoka kesho yake.

Mezani petu manowari ni vizibo vya soda vilivyopangwa juu ya karatasi ya miraba, na vile vya buluu ni meli za mafuta. Mchezaji mgeni husukuma vizibo vyote vyekundu mbele na kuviacha vya buluu nyuma bila mlinzi. Mwendesha mchezo hamkemei. Huokota kizibo cha buluu, akakitia mfukoni, kisha akamwomba arushe dadu.