Mamluki kwenye michezo ya shule: mnashinda nini hasa?

UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari) zikikaribia tu simu yangu haipoi, na malalamiko ni yaleyale, fulani kaleta mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wa shule hiyo, fulani kajaza vijeba, waliozidi umri. Tunayapokea huku ofisini kwenye kata, ndo kazi yetu, ila wengi wanaolalamika nao wana mamluki wa kwao, tofauti ni kwamba hawajashtukiwa.

Kuna mechi ya shule za msingi nilikuwepo, refa anamuita winga kwa jina la kwenye fomu, "Hamisi!", dogo hageuki, anaita tena hageuki, mpaka mwenzake akamgusa bega. Kidevuni kajikata na wembe asubuhi ileile. Nje ya chaki wamekaa watoto wenyewe wa darasa la sita, jezi zimewafika magotini, soksi wamezivuta vizuri, na mechi imeisha hawajagusa mpira. Timu yao imepiga mtu 4-0, anayeshangilia ni mwalimu na wazazi wawili watatu, watoto wanauliza chai iko wapi.

Sasa utaratibu, maana hapa watu wanachanganya sana. Rufaa inaandikwa, inasainiwa na kiongozi wa timu, inafika kwa kamati ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni za mwaka huo, sio wiki ijayo baada ya kufungwa! Kamati inalinganisha fomu, picha, cheti cha kuzaliwa cha RITA na kumbukumbu za shuleni, vikipishana wa kwanza kuulizwa ni mwalimu mkuu aliyesaini, sio mtoto.

Halafu ile ya "Afrika nzima wanafanya". Wanafanya na wanalipa jamani. 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17 (U-17), tulishafuzu kwenda fainali za Afrika Gambia tukaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji. 2017 tukaenda Gabon kwa sababu Kongo Brazzaville walishindwa kumpeleka mchezaji wao akapimwe umri kwa MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, wakaenguliwa wao. Januari 2023 vijana 21 kati ya 30 wa U-17 ya Kameruni wakafeli kipimo hichohicho. Na MRI haisomi cheti, nimeshasema mara ngapi sijui, inaangalia mifupa ya kifundo cha mkono kama imeshaungana, kwahiyo kwenda kutengeneza cheti kipya ni kujiongezea kesi tu. Kwa kanuni za nidhamu za FIFA kughushi nyaraka ni faini pamoja na kufungiwa mechi zisizopungua 6 au muda usiopungua miezi 12.

Sisi kwenye kata hatuna MRI. Tuna mwalimu wa darasa, ambaye anamjua kila mtoto kwa jina na anajua nani alihamia juzi wiki moja kabla ya mashindano, na ndo huyo mnayemwambia anyamaze ili kombe lije shuleni.

Mwenye ushahidi aje ofisini saa za kazi na barua. Skrinshoti ya grupu la Wasapu saa tano usiku sio rufaa.