Nanga iliyonasa haing'olewi kwa ubabe wa mashine

Wengi huamini kwamba nanga ikinasa mwambani, dawa ni kufunga amari (kamba ya nanga) tezini, yaani nyuma ya chombo, kuongeza moto wa mashine na kuvuta mpaka ikubali. Hivyo ndivyo mashua zinavyozama. Tezi ya boti nyingi iko chini, karibu na maji, na imebeba uzito wa mashine; amari ikikaza, inazidi kudidimia na maji yanaingia. Tarehe 28 Februari 2009, nje ya Clearwater, Florida, marafiki wanne waliokwenda kuvua walijaribu hivyo hivyo. Boti ilipinduka, akapona mmoja tu, Nick Schuyler.

Makucha ya nanga yana upande. Ukivuta kulekule yalikochimbia, unazidi kuyapigilia. Vuta amari kutoka omoni (mbele ya chombo) mpaka isimame wima, ifunge, kisha uache mawimbi yainue omo. Mara nyingi hilo hutosha. Ikigoma, legeza amari, zunguka polepole uvute kutoka upande wa pili, bado kwa omo, na amari iwe mbali na rafadha (panga la mashine).

Kwenye matumbawe, jiandae mapema: funga amari kitakoni mwa nanga (chini, yanapokutana makucha), halafu ishikize kwenye pete ya juu ya nanga kwa uzi mwembamba. Nanga ikinasa, ukivuta wima uzi hukatika, nayo hutoka kinyumenyume. (Usilale usiku kwa nanga ya namna hii, uzi unaweza kukatika wenyewe.)

Bahari ikichafuka, funga boya kwenye amari, ikate, uirudie siku ya shwari.